Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo: Bendi Iliyobadilisha Lugha na Bado Ikabaki na Gitaa Yake

Ka we ni msee wa rock, hii kitu ishakupata. Bendi unayoipenda inakaa miaka mbili tatu kimya, alafu inaangusha albamu mpya. Unaweka earphones, unangoja magitaa, na magitaa hayaji. Mwaka wa 1997 Radiohead walitoa OK Computer, na 2000 wakarudi na Kid A, imejaa mashine na vinanda, magitaa yamerudi nyuma kabisa. Mashabiki wakagawanyika. Wengine wakasema bendi imepotea, wengine wakasema sasa ndio imejipata. 2018 Arctic Monkeys wakafanya kitu kaa hiyo, wakakalia piano. Hapa Nairobi, wale walianza na Just A Band kwa Scratch to Reveal ya 2008 wanajua vile ilikuwa kuskia Sorry for the Delay ya 2012 na kujiuliza kama ni wale wale.

Swali huwa ni moja tu: bendi ikibadilika katikati ya safari, ni nini inafaa ibaki ndio bado iitwe hiyo bendi?

Jibu fiti kabisa haliko London wala Westlands. Liko Ukambani. Kuna bendi ya magitaa ilipitia hiyo njia miaka ya 70s na 80s, ikabadilisha lugha nzima ya nyimbo zake, na mpaka leo ukipanda gari ya Kitui ama ya Wote unaweza kuiskia. Inaitwa Les Kilimambogo, na kiongozi wake alikuwa Kakai Kilonzo.

Najua wasee washaanza kusema "hiyo ni ngoma ya wazae." Mimi pia nilikuwa hapo. Kwa miaka, benga ya Kikamba kwangu ilikuwa ile kelele dere anaweka ukielekea shags Disemba, na we unaongeza sauti ya simu yako ndio usiiskie. Hii article ni ya watu kaa mimi wa enzi hizo.

KAKAI NI NANI?

Kakai Kilonzo alizaliwa 1954 na akafariki 1987. Piga hesabu: ni kaa miaka 33 tu. Kazi yake ya kurekodi inaanzia katikati ya miaka ya 70s mpaka hapo alipofariki, so tunaongea kuhusu msee aliyefanya kila kitu ndani ya miaka kumi na kitu. Alikuwa muimbaji, mtunzi na kiongozi wa Kilimambogo Brothers Band, ambayo wengi wanaijua kama Les Kilimambogo.

Kwenye muziki wa Kikamba wa wakati huo, kulikuwa na vikosi vitatu vikubwa. Kulikuwa na Kakai na Les Kilimambogo yake. Kulikuwa na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Na kulikuwa na Onesmus Musyoki na Kalambya Boys, pamoja na madada waliokuwa wakiimba na hiyo bendi, Kalambya Sisters. Ukiongea juu ya benga ya Ukambani bila hao watatu, ni kaa kuongea juu ya genge bila kutaja Jua Cali na Nonini.

KILIMA, MTO NA WATU WA CHINI

Kilimambogo ni ule mlima unaona ukitoka Thika ukielekea Garissa Road. Kwa ramani umeandikwa Ol Donyo Sabuk, na uko upande wa Machakos. Chini yake kuna Fourteen Falls, ambapo mto Athi unaanguka. Sasa fuata huo mto na akili yako. Unateremka, unapita Machakos, alafu kwa umbali mrefu unakuwa mpaka: Makueni upande mmoja, Kitui upande mwingine, mpaka ukaribie Tsavo. Bendi ilikuwa na jina la mlima wa juu, lakini watu wake walijaa huko chini, Mwingi, Mutomo na Ikutha upande wa Kitui, Wote, Emali na Kibwezi upande wa Makueni.

Kitu moja ya kukumbuka: wakati Kakai anarekodi, hakukuwa na kitu kinaitwa Makueni peke yake. Makueni ilikuwa ndani ya Machakos mpaka 1992, ikakatwa ikawa wilaya. Kaunti zikaja na katiba ya 2010, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. So ukiskia mzae wa Makueni akisema hiyo ilikuwa muziki ya Masaku, usibishane naye. Anaongea ramani ya zamani.

Na hao watu hawakukaa tu nyumbani. Wakamba walikuwa jeshini, kwa reli, Mombasa, Nairobi Industrial Area, na Shimba Hills kule Kwale ambako wengi walihamia. Msee anafanya kazi Mombasa, familia iko Kathonzweni. Hiyo umbali ndio ilifanya nyimbo za mapenzi, barua, pesa ya kutumwa nyumbani na mabwana waliopotea mjini ziwe na maana. Soko la bendi ya Kikamba lilikuwa limetawanyika kando ya barabara mbili: Mombasa Road na ile ya Thika kwenda Garissa.

GITAA ILIFIKA AJE?

Ukambani haikungoja gitaa ndio iwe na muziki. Kulikuwa na kilumi, ile ngoma ambayo wamama wazee hucheza na inaendana na mambo ya uponyaji na kuomba mvua. Kulikuwa na mbeni, ya vijana, ile ya kuruka na kupinduka. Na kulikuwa na ngui. Ngui ni mtunzi na muimbaji anayeongoza wengine, na kazi yake haikuwa kusifu tu. Ngui aliimba habari, akataja majina, akachapa wenye tabia mbaya kwa maneno. Weka hiyo kichwani, ju ngui hakufa. Alishika tu gitaa.

Gitaa zilisambaa Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wengi wa Ukambani walikuwa wamechukuliwa King's African Rifles, na waliporudi walikuwa wameona na kuskia vitu vipya. Miaka ya 50s, santuri za Jean Bosco Mwenda kutoka Katanga zikafanya kila kijana atake kuchuna gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mwenda mwenyewe alikuja akakaa Nairobi kwa muda.

Alafu miaka ya 60s benga ikashika Nyanza. Wajaluo walichukua vile nyatiti, ile ala yao ya nyuzi nane, inavyochunwa, wakaipeleka kwa gitaa ya stima. D.O. Misiani na Shirati Jazz wakaifanya iwe moto. Benga haikukaa Nyanza. Ilienda Murang'a, ikaenda Ukambani, na kupitia santuri za mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo ikafika mpaka Zimbabwe, ambako watu waliita huo muziki kanindo. Kila mahali ilipofika iliongezewa kitu ya wenyeji.

SOUND YENYEWE: ILE GITAA YA JUU

Hapa ndio moyo wa story, so tulia.

Ukiskiza benga ya Nyanza, kinachokushika ni gitaa ya solo na besi zikikimbizana. Solo inaruka, besi inagonga kifua. Ukambani walichukua hiyo injini, alafu wakaongeza kitu ndogo inayobadilisha kila kitu.

Gitaa ya kwanza inakaa chini, inashika wimbo usianguke. Gitaa ya pili inapanda juu kabisa kwa shingo, mahali sauti ni nyembamba kaa kengele, na inacheza mzunguko wa noti za haraka zinazorudi na kurudi. Haipigi kelele. Haitaki uione. Kazi yake ni kujaza mashimo: mahali sauti ya muimbaji imepumzika, mahali besi imenyamaza kidogo, hiyo gitaa iko hapo tayari. Inazunguka tu, kaa zile farasi za kuzunguka za watoto kwa sherehe ya Jamhuri.

Hiyo ndio alama ya kidole ya Ukambani. Iko kwa Kakai, iko kwa Mwambi, iko kwa Musyoki. Ukiweka nyimbo kumi za benga za Kenya bila kuambiwa nani ni nani, na hujui hata neno moja la Kikamba, hiyo gitaa ya juu itakuambia.

Wasee wa rock watashika hii haraka. Ni ile kazi gitaa ya pili hufanya kwa bendi za indie: si kodi nzito, ni noti moja moja zinazometa juu ya wimbo. Tofauti ni kwamba huku Ukambani ilikuwa inatoka kwa spika za baa miaka ya 70s.

KATIKATI YA SAFARI: KISWAHILI KINAINGIA

Kakai alikuwa Mkamba na alianza na Kikamba. Hiyo ilikuwa njia ya kawaida: unaimba kwa lugha ya watu wako, wanaokununulia santuri ni watu wako, mambo yanaenda. Lakini kadiri safari ilivyosonga akageuza usukani. Akaanza kuimba kwa Kiswahili, na si wimbo mmoja wa kujaribu bahati. Kiswahili kikawa ndio lugha yake kubwa. Mama Sofi, moja ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi, ni ya huo upande. Nia ilikuwa wazi: kufikia watu wengi kuliko wale wanaoskia Kikamba.

Kwa nini hiyo ilikuwa hatua kubwa? Cheki sababu tatu.

Ya kwanza ni redio. Kabla ya kuwa KBC mwaka wa 1989, stesheni ilikuwa Voice of Kenya, na ilikuwa peke yake. Kulikuwa na idhaa ya taifa ya Kiswahili, na kulikuwa na masaa ya lugha za mama. Wimbo wa Kikamba unachezwa kwa masaa ya Kikamba. Masaa yakiisha, umeisha. Wimbo wa Kiswahili unaweza kuchezwa kwa idhaa ya taifa na ukaskika Kakamega, Nyeri na Lamu siku moja. Hakukuwa na YouTube ya kukuokoa. Lugha ndio ilikuwa inaamua utaskika wapi.

Ya pili ni ushindani. Nairobi ya wakati huo ilikuwa imejaa mabendi ya Kiswahili na Kilingala. Les Mangelepa walianza 1976. Les Wanyika wakaanza 1978, na Sina Makosa yao ikaenda kila mahali. Hao walikuwa na rumba tamu na Kiswahili laini. Msee wa benga akibaki kwa Kikamba, hashindani nao. Akiingia Kiswahili, anaingia ulingo mmoja nao, na silaha yake ni ile gitaa ya juu ambayo wao hawana.

Na hapo angalia jina. Kilimambogo Brothers ikawa Les Kilimambogo. "Les" ni Kifaransa, ni kaa "wale" wa Kifaransa, na ilikuwa fashion iliyoletwa na mabendi ya Kongo. Unachukua mlima wa Ukambani, unauvalisha koti ya Kifaransa, alafu unaimba Kiswahili. Hiyo ni bendi inayojua inataka kuskika mbali.

Ya tatu ni mvua. Ukambani ni ukame. Mvua ikikosa, doh inakosa, na msee wa Mutomo hawezi nunua santuri wakati hana mahindi. 1984 kiangazi kilipiga vibaya mpaka Wakamba wakakipa jina: nikw'a ngwete, yaani nakufa nikiwa na pesa mkononi, ju hata mwenye pesa hakuwa anapata chakula cha kununua. Bendi inayotegemea wanunuzi wa eneo moja kavu, inategemea mawingu. Bendi inayouza Kenya nzima ina mahali pa kushikilia.

Sasa weka hizo tatu pamoja alafu niambie kama Kiswahili kilikuwa maringo.

"ALBAMU" ILIKUWA SANTURI NDOGO

Ukienda kutafuta albamu ya katikati ya Kakai vile unatafuta Kid A, utachoka. Benga ya Kenya haikujengwa hivyo. Kitu kilichouzwa kilikuwa santuri ndogo ya inchi saba, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Nyimbo mbili, ama wimbo mmoja umekatwa mara mbili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Albamu kubwa nyingi zilikuwa ni kukusanya hizo ndogo ambazo tayari watu walishazipenda.

Hiyo santuri ilibadilisha hata vile nyimbo zinatungwa. Upande mmoja unabeba dakika chache tu. So kwa nyimbo nyingi za enzi hizo, sehemu ya kwanza ndio ya kuambia watu story: gitaa inafungua, waimbaji wanaingia wawili wakibebana sauti, maneno yanashuka. Unageuza santuri. Sehemu ya pili maneno yanapungua na magitaa yanachukua usukani. Hapo ndio watu wanaamka kwa viti.

Fikiria kijiji cha Makueni ambacho hakina stima. Kuna redio ya betri na kuna baa ya soko. Baa kubwa za barabarani zilikuwa na jukebox, unaweka shilingi unachagua nambari. Mwenye jukebox hakujali wewe ni kabila gani. Alijali shilingi ngapi zimeingia. Kwa Mombasa Road, pale lori zinalala Emali na Mtito Andei, anayeweka shilingi anaweza kuwa Mluhya, Mtaita ama Msomali. Benga ya Kiswahili inauza kwa hiyo jukebox vile ya Kikamba peke yake haiwezi.

So albamu ya katikati ya Les Kilimambogo ni huo mstari mzima wa santuri ndogo, kutoka Kikamba kwenda Kiswahili. Lazima uziskize kwa mpangilio ndio uone vile njia ilipinda.

JE, ALIUZA ROHO?

Hii ndio maneno kila bendi huambiwa ikibadilika. Na hoja yenyewe si ya kijinga. Lugha si nguo. Kikamba kina utani wake, kina mafumbo ambayo ngui anayatupa na mzee wa Nunguni anacheka mpaka analia, na ukiyaweka kwa Kiswahili yanakuwa maji. Ukitoka Kikamba unapoteza hiyo. Mimi sitasema hakupoteza kitu.

Cheki wenzake wa Kalambya Sisters. Miaka ya 80s walitoa Katelina, story ya dem anayependa pombe ya kienyeji na anayepata mimba kila mwaka. Ilikuwa Kikamba, ilileta kelele, na bado ilivuka mpaka Ulaya. Zile sauti za madada, nyembamba na za juu, zikapanda pamoja na gitaa ya Musyoki. Watu ambao hawakuelewa hata neno moja waliicheza. So mtu anaweza kusema: si unaona, Kikamba kinavuka, Kakai alikimbia nini?

Jibu langu ni hili. Katelina ilivuka kwa sababu ya sound. Na Kakai aliweka sound. Ukiskiza nyimbo zake za Kiswahili, ile gitaa ya juu bado inazunguka, mashimo bado yanajazwa. Alibadilisha kile mdomo unasema, hakubadilisha kile vidole vinafanya. Na ile kazi ya ngui, ya kusimulia maisha ya watu wa kawaida kwa majina yao, ilibaki hata kwa Kiswahili. Ukibadilisha sufuria, muthokoi unabaki muthokoi.

Alafu kuna kitu ingine. Kwa Mkamba aliyekuwa Mombasa ama Nairobi, kuskia gitaa ya nyumbani kwa idhaa ya taifa, na Mjaluo jirani yake kwa ploti anaijua, hiyo haikuwa kupoteza. Hiyo ilikuwa kuonekana. Kabila ambalo wengi walizoea kulichekea lafudhi lilikuwa linachezewa densi na kila mtu.

BAADA YA 1987

Kakai akafa 1987, na biashara yenyewe ilikuwa inabadilika. Kaseti zilikuwa zimeingia. Kaseti ilikuwa nzuri kwa msikilizaji ju inabeba nusu saa kila upande, lakini mtu mwenye redio mbili za kaseti alikuwa tayari ni kiwanda. Wimbo unatoka Ijumaa, Jumatatu nakala feki ziko kwa stendi. Santuri ndogo zikafa polepole, na zile kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa zinarekodi Nairobi zikafunga virago.

Alafu miaka ya 2000s ikaleta FM za lugha za mama. Musyi FM. Mbaitu FM. Hapa kibao kikageuka kabisa. Kakai aliimba Kiswahili ju masaa ya Kikamba yalikuwa machache. Sasa Kikamba kinachezwa asubuhi mpaka usiku. Msanii wa leo anaweza kuishi, kununua gari na kujaza kiwanja bila kuimba Kiswahili. Ndio unaona Ken wa Maria, Kativui, Katombi na Maima wamejenga majina makubwa kwa Kikamba, wakirusha maneno ya Kiswahili na Sheng katikati. Fundamentals ya Ken wa Maria ilichezwa mpaka na watu wasiojua Kitui iko upande gani.

Na sound? Imeharakishwa. Imejaa majina ya mafans na mabosi wanaotajwa katikati ya wimbo, na madongo ya wasanii kwa wasanii, ambayo ukifikiria vizuri ni ile kazi ya ngui tu. Lakini kuna kitu inaniuma. Kwa sherehe nyingi ndogo siku hizi, bendi nzima ni kinanda kimoja na ngoma za mashine. Ni bei rahisi, na siwalaumu, ju kubeba wasee sita na spika mpaka Zombe si mchezo. Shida ni kwamba kinanda kinaweza kuiga besi, kinaweza kuiga ngoma, lakini ile gitaa ya juu inataka mtu na vidole na miaka ya mazoezi. Kakai alibadilisha lugha akabakisha gitaa. Sisi tumepata lugha imerudi, na gitaa ndio iko hatarini. Ukiniuliza ni gani inaua benga ya Ukambani haraka, ni hii ya pili.

WASEE WA ROCK WALISHASKIA KABLA YETU

Ka unadhani rock na benga hazijuani, umechelewa. Kuna bendi ilikuwa inaitwa Extra Golden. Ian Eagleson, Mmarekani, alikuja Kenya kusoma benga, akakutana na Otieno Jagwasi, wakaungana na Alex Minoff wakafanya Ok-Oyot System, iliyotoka 2006. Otieno alikuwa ameshafariki 2005. Bendi haikufa. Opiyo Bilongo akaingia, wakatoa Hera Ma Nono 2007 na Thank You Very Quickly 2009. Hiyo ilikuwa benga ya Nyanza ikichanganywa na rock ya Marekani, na bendi ililazimika kujibu swali lile lile: sauti kuu imeenda, nini inabaki? Ilibaki gitaa.

Kenya hapa, Ketebul Music walifanya kazi kubwa 2008 na Retracing the Benga Rhythm, wakafuata benga kutoka Nyanza mpaka mahali ilisambaa. Ka unataka kujua zaidi ya hii article, anzia huko.

Ukambani bado inangoja Extra Golden yake. Na msee atakayeifanya pengine ako Kitui town saa hii, ana gitaa ya kukopa, anapiga riffs za Nirvana, na anaona haya kuambia mabeshte kwamba babake anaskiza Kakai.

SIKIZA HIVI

Usiweke ikiwa nyuma ya maneno mengine. Tafuta earphones.

Kwanza, weka Mama Sofi. Mara ya kwanza fuata maneno tu, ni Kiswahili, utashika. Mara ya pili sahau muimbaji kabisa. Tafuta ile gitaa nyembamba ya juu na uishike mpaka mwisho. Ikikupotea, rudi nyuma. Ukishaipata mara moja hutaweza tena kuiskiza bila kuiskia.

Pili, weka Katelina ya Kalambya Sisters. Ona vile sauti za madada zinapanda mahali gitaa iko, mpaka kutofautisha inakuwa kazi.

Tatu, tafuta nyimbo za Kakai za Kikamba. Linganisha vidole. Lugha imebadilika, vidole je?

Mwisho, chukua benga yoyote mpya ya Kikamba inayovuma wiki hii na ujiulize swali moja: hiyo gitaa ya juu iko, ama ni kinanda?

Na ukienda shags Disemba, dere akiweka Les Kilimambogo pale karibu na Emali ama mkishapita Matuu, toa earphones. Ukiweza, muulize mzae aliyekaa kando yako alikuwa wapi wakati huo wimbo ulikuwa mpya. Utapata story ambayo hakuna mtu ameiandika, na ukifika nyumbani iandike.